Mapipa, Winchi na Mashua ya Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 4

Msimamizi wa gati kaja mwenyewe. Mashua ya marehemu baba mkwe, iliyozama mtoni wakati wa mvua, inaziba njia. Isipotoka kufikia Jumamosi, wataivunjavunja kwa katapila.

Mama mkwe alirudi dirishani kwake. Maji yakipwa, omo ya mashua, ile ncha ya mbele, huchomoza topeni, naye huisalimia. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Umeamkaje, mzee?"

Nimeapa itatoka nzima. Shemeji, kaka wa mke wangu, naye kaapa, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Yeye ni fundi wa kuchomelea, ana winchi. Mimi nina akili.

Jumanne, tarehe 5

Tumefunga winchi kwenye nguzo ya kuanikia nguo ivute mashua, ikaing'oa nguzo. Mashua haikutikisika! Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mke wangu kasema anayecheka ndiye atakayefua upya mashuka yaliyoanguka. Nimefua.

Nikifua, mpango ukanijia. Maji yakipwa, nafunga mapipa matupu ubavuni mwa mashua. Maji yakijaa, mapipa yanapanda, mashua inapanda nayo. Mto wenyewe ndio kibarua wangu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nitainama.

Alhamisi, tarehe 7

Tope hadi kiunoni. Nimefunga mapipa yote, mafundo ya kiume. Shemeji kauliza kama nimeifunga na mashua yenyewe kwenye ukingo. Nimemwambia asinifundishe kazi. Nikakaa kivulini kungoja maji. Usingizi ukanipitia.

Nimeamshwa na kelele. Imeelea! Imeelea na kwenda zake! Maji yanayojaa yalikuwa yakiipandisha mto, na mapipa yake pande zote. Nikakimbia ukingoni nikiiita irudi. Ikaenda kugonga gati, kamba zikakatika, ikazama palepale mbele ya ofisi ya msimamizi. Mlangoni pake!

Ofisi iko nyuma ya kona ya mto. Mama hataiona tena hata omo. Hilo ndilo lililonichoma. Nimelia kidogo. Usoni nilikuwa na tope, hakuna aliyejua.

Ijumaa, tarehe 8

Nimekwenda kumwomba radhi mama. Akasema: "Na yeye alikuwa hafungi kamba. Mara ngapi mashua imemkimbia, nikamfuata ng'ambo kwa mashua ya jirani."

Akacheka. Tangu tumzike mzee sijamsikia akicheka. Nilitaka kumkumbatia, lakini ni mkwe, nikatazama viatu vyangu.

Halafu akatuita wote wawili, akasema tuache kushindana, tuvute pamoja. Maji yalipopwa nikafunga mapipa. Shemeji akafunga winchi kwenye nguzo ya gati, halafu akakagua mafundo yangu bila kuniuliza. Maji yalipojaa, msimamizi naye akavua viatu akavuta, maana mlango uliozibwa ni wake. Ikatoka! Tundu moja tu sakafuni.

Jumapili, tarehe 10

Mashua iko uani. Mama amekaa ndani yake asubuhi nzima, upande mmoja wa ubao wa kukalia. Upande wa pili kauacha wazi. Mimi na shemeji tulijifanya tunatafuta msumari.

Baadaye mama kaniita. Kasema anatamani avuke nayo ng'ambo mara moja, kaburini kwa mzee, akamwambie imetoka. Nikasema kesho.

Shemeji anadai mbao zikauke kwanza, na tundu lipigiwe ubao mpya. Ndiyo maana mambo yake hayaendi. Mimi nimeliziba kwa kitambaa na sabuni ya kufulia, safi kabisa. Kamba ya kuifungia naiacha nyumbani, inaongeza uzito bure.

Nimemwonyesha mama kazi yangu. Kalitazama tundu, kanitazama mimi, kanishika bega. "Sawa, mwanangu. Tutakwenda."

Kisha kamwomba shemeji atufuate nyuma na mapipa, kwa mashua ya jirani. Sijui ya nini.