Uzio wa Kaburi la Ng'ombe

Wagonjwa wa kimeta kijijini Ak-Jylga wamefika saba, alitangaza daktari wa mifugo, Bi Zuura, jana asubuhi mbele ya shule. Baada yake alisimama Naibu Mkuu wa Wilaya, Bwana Mederbek, kidole gumba kikiwa kimefungwa kitambaa, akasema:

"Waheshimiwa wazee wenye kofia nyeupe za sufu, waheshimiwa akina mama, mheshimiwa mwalimu mkuu, waheshimiwa wachungaji mnaopandisha mifugo malishoni Jumatatu, na farasi wangu aliyenifikisha salama, itifaki imezingatiwa! (Makofi machache.)

Mimi, mtaalamu kwa cheo, nawaarifu kwamba kimeta ni ugonjwa wa udongo: ng'ombe akila nyasi juu ya kaburi la ng'ombe aliyekufa nao zama za babu zetu, humeza vijidudu vilivyolala humo miaka hamsini bila kuzeeka, kama mimi ofisini. (Kicheko.) Binadamu humwingia kwa mchubuko, kwa kula nyama, au kwa kuvuta vumbi la ngozi na sufu, na huo wa mapafuni, ndugu zangu, haukupi nafasi ya kuaga. Wa ngozi huanza kama umeumwa na mbu, ukawa lengelenge, kisha kidonda cheusi kisichouma, ndiyo maana wajinga hukipuuza mpaka sumu ifike damuni!

(Mama Burulsun: 'Na yule ng'ombe mgonjwa wa jirani yetu Bolot je? Nani alisema tumuwahi kwa kisu asije akawa kibudu?')

Ni mimi, mama, nikamchinja kwa mkono wangu mwenyewe, majirani kumi na wawili wakagawana mafungu kwa mujibu wa mila, chini ya uongozi shirikishi. ('Mume wangu yuko hospitali na huo ushirikishi wako!')

Ndiyo maana, kwa mkakati jumuishi wa wadau wote, nimejenga uzio kuzunguka kaburi la ng'ombe lililoko kule malishoni, mita mia nne, nguzo za chuma, utekelezaji asilimia tisini na sita! (Mchungaji: 'Tumepita pale leo, hakuna hata msumari!') Asilimia nne zilizobaki ndizo zinazoonekana kwa macho. (Kicheko kirefu.)

(Bi Zuura: 'Mheshimiwa, kidole kina nini?')

Hiki? Kisu kilinikwaruza siku ile ya kuchinja. Kimekuwa cheusi kidogo, lakini hakiumi hata chembe. (Anafungua kitambaa, anakitazama kidole.) Hakiumi... (Mama Burulsun: 'Mleteni farasi wake, upesi!')

Basi nimalizie. Mnyama mgonjwa, usimchinje! Mzoga, usiupasue! Kidonda cheusi, mbio kwa daktari! (Makofi, ya kweli.) Nawashukuru waliochora ramani ya uzio, ingawa hakuna aliyeichora. Nguzo hazijawahi kuagizwa. Wachungaji, Jumatatu msipande malishoni. Bi Zuura atachanja mifugo hapa hapa Jumatano, saa mbili asubuhi, naye atawaambia siku ya kuondoka. Mimi nitakuwa hospitali, kitanda cha pili kutoka kwa mumeo, Mama Burulsun. Ukimpelekea maziwa ya farasi, na mimi nina kikombe."