Bibi Kiden na Chui Wawili

Jumatatu, 4 Mei 2026

Mzee Soro wa Lurujo amenikataa! Mimi, Ondoga! Eti hawezi kumtoa binti yake Elena, muuza vitenge hodari kuliko wote Koboko, kwa mutu asiyejulikana shina lake. Na binamu yangu Obitre naye anamtaka. Obitre! Ana pikipiki na nyumba ya mabati, basi anajiona. Mimi nina kikubwa zaidi. Mama wa babu yangu, Bibi Kiden, alitoka upande wa Koboko kabla Mzungu hajafika. Aliua chui kwa mwiko. Nitachimba historia yake mpaka Soro aniite mkwe bila kuombwa.

Jumatano, 6 Mei

Nimefika Dadamu, kwa shangazi Driwaru. Kumbukumbu yake inashinda redio. Kathibitisha yote, isipokuwa chui. Kiden alikuwa wa Lurujo yenyewe, dada ya mtu aitwaye Lodu. Wateka watumwa walimchukua akiwa msichana, wakamsagisha unga wao. Akatoroka na jiwe lao la kusagia! Wakalala njaa. Akafika hapa, Adrabo akamuoa. Kwao hawakujua kamwe alikoishia.

Kisha habari tamu: babu yake Obitre alizaliwa na mke wa pili wa Adrabo. Obitre hana hata tone la Kiden! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jiwe lenyewe lipo, linazuia mlango wa jiko. Nimelibeba. Dada yangu Filda akaniuliza kama nimefikiri vizuri ninachokwenda kusema huko. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Mei

Lurujo. Wazee wamejaa uani, Elena mlangoni. Nikatua jiwe, nikasimulia. Chui wakawa wawili, walikuja wenyewe. Nikakazia mara tatu: Obitre hamo humo!

Nilipomtaja Lodu, Mzee Soro akasimama. Lodu ni babu yake. Alimtafuta dada yake mpaka uzeeni, akafa bado anauliza wapita njia. Mzee akalishika jiwe kwa mikono miwili, akalia. Mimi pia nikalia. Vumbi.

Mbuzi akachinjwa. Nikajua mambo yameiva. Soro akanikumbatia, akatangaza kwamba mtoto wa dada yao amerudi nyumbani. Akamwita Elena aje amsalimie mwanawe.

Mwanawe! Lakini ndivyo kwetu: mabinti wote wa nyumba alikotoka bibi yako ni mama zako, na mama haolewi na mwanawe. Elena akacheka mpaka akashika nguzo. "Karibu, mtoto wangu. Mama yako iko hapa. Umekula?"

Nikauliza kama mambo ya zamani namna hiyo bado yanahesabiwa. Wazee wakanitazama kama nimekojoa kisimani.

Jumapili, 10 Mei

Obitre kaja Lurujo na washenga. Soro kampokea kwa mikono miwili. Watu wote walisikia kutoka kinywani mwangu kwamba hana tone, basi njia iko wazi. Obitre akanishukuru hadharani, akaniita kaka mwenye akili. Fisi!

Lakini sikuinamisha kichwa. Mtoto wa dada ana haki yake: kunyakua kuku kwa wajomba bila kuomba. Nikanyakua jogoo mnene kuliko wote. Jogoo wa posa ya Obitre! Nikatimka naye mpaka barabarani. Elena, mama yangu mpya, akanipigia vigelegele. Hakuna aliyethubutu kunigusa. Nani kashinda? Mimi!

Jumanne, 12 Mei

Vurra, mpakani. Kuna mjane, Peace, anawauzia chai madereva wa malori. Kanijazia kikombe mpaka kikamwagika. Si bure! Mjomba wake akaniuliza shina langu.

Ghafla nikakumbuka. Mama yake Adrabo alitoka Vurra hii hii, bila shaka yoyote. Filda anasema hajawahi kusikia. Filda anajua nini?

Jiwe limebaki Lurujo, Mzee Soro hataki kuliachia. Si neno. Mto Enyau una mawe tele. Na safari hii naanza moja kwa moja na chui watatu.