Mshenga kwenye Safu ya Sadaka

Jamani, leo nimeadhirika. Pole zenu sitaki, nisikilizeni tu.

Mnajua nimekuja Bukini, huku Madagaska, kumposea mpwa wangu Salimu. Binti ni wa Mahajanga, kwao asili ni Wangazija, watu wa dini na heshima zao. Salimu yuko Mombasa anasubiri simu, hali wala halali. Posa tulikuwa tuipeleke wawili, mimi na shemeji yangu Hamadi, maana mshenga haendi peke yake kama mtu wa kusoma mita ya umeme.

Tukapitia kisiwa cha Nosy Be kwanza kutembea. (Wazo la Hamadi.) Hamadi akaingia sokoni na joho lake la zari. Ombaomba wakamzunguka! Akatoa chenji, akatoa biskuti, akatoa miwani. Kisha akala pweza wa kando ya barabara, tumbo likachafuka, na mpaka sasa yuko kitandani huko kisiwani.

Mimi nikasema, hawanipati. Nikavuka kwa boti hadi bandari ya bara, Antsahampano, nikapanda gari la abiria la Mahajanga. Kanzu nzuri nikaitia begini. Nikavaa msuli uliopauka, fulana iliyotoboka kwapani, na ndara. (Akili nyingi, siyo?) Njia nzima hakuna aliyeniomba hata maji. Nikajipongeza.

Leo Ijumaa asubuhi nikafika, vumbi mpaka kwenye kope. Begi langu lilikuwa juu ya paa la gari, chini ya magunia ya vitunguu. Dereva akaniashiria: baadaye. Nikaona basi, niende kwanza niijue nyumba ya binti, nirudi nioge, nivae.

Nyumba nikaiona. Barazani wamekaa watu, wake kwa waume, kimya, kwa mpangilio. Nikajua ni wazee wa ukoo wa binti wamekuja kutupokea. Sasa mtoto wa Mombasa unakuta watu barazani, unapita kimya? Nikatoa salamu. Nikawapa mikono mmoja mmoja. Kulikuwa na bibi kizee mwenye mkongojo, nikamdhania ndiye nyanya wa binti, nikambusu mkono. Akashtuka, kisha akanisogezea nafasi. Nikakaa. Moyoni nikaogopa: wao wote hao, na upande wetu ni mimi na ndara zangu!

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mama wa binti na sinia la mikate ya mchele, inayofanana na vitumbua vyetu. Akagawa. Nikapokea kwa mikono miwili, nikatia mdomoni. Tangu jana sijala, nifanyeje?

"Na chai, mama?" nikauliza.

Baraza zima likanigeukia. Bibi akanifinya paja. Mama akashusha pumzi, akaniletea chai kwenye kopo, akaniambia kwa Kingazija, ambacho nakishika nusu, kwamba Mungu anijalie na mimi nipate kazi.

"Amin!" nikaitikia. (Kazi ninayo. Nina duka!)

Wenzangu wakainua mikono kuiombea dua nyumba. Nami nikainua. Nikaomba ndefu kuliko wote, kwa sauti: "Na binti wa nyumba hii Mola ampe mume mwema, Salimu wa Mombasa!"

Sinia likatulia hewani. Akatoka baba mtu, aliyewahi kufanya biashara Unguja, Kiswahili anakijua vizuri kuliko nilivyopenda.

"Salimu umemjulia wapi wewe?"

"Mimi ndiye mjomba wake," nikasema, mkate mdomoni.

Akaitazama fulana. Akalitazama kopo. Hapo ndipo nilipowatazama na mimi wenzangu vizuri, mabakuli yao miguuni, nikaelewa nimekaa wapi. Wallahi nilitaka kulia. Posa ya mtoto wa dada yangu naizika kwa chai!

"Mshenga haji peke yake," akasema. "Watu wako wako wapi?"

Bibi akashika mkongojo, akasimama. Safu nzima ikasimama. Akasema neno kwa Kimalagasi, na baba mtu akanitafsiria bila kucheka:

"Anasema ni hawa."

Tukaingia sote. Tukaketi mkekani, nikaipeleka posa na fulana yangu ya matobo. Baba mtu akamuuliza bibi kama kweli ananijua.

"Namjua," akajibu bibi. "Anapenda chai."

Baba mtu akasema: "Hawa wananijia kila Ijumaa. Sijaona hata siku moja wakimsogezea mtu nafasi. Posa nimeikubali."

Salimu amepiga simu sasa hivi, furaha tele. Anasema baba mkwe kausifu ujumbe wetu. "Mjomba, uliwapata wapi watu wazima haraka hivyo?" Nimemwambia ni jamaa.

Kwa hiyo anayecheka hapa, harusini asije. Wale wa barazani nimeshawaalika.