Mali Chini kwa Mama Aina

Jumapili, 6 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Kanisani nimekaa karibu na mlango kwa sababu kiatu cha kushoto kimeingia maji na kinalia nikitembea. Baada ya ibada Kyengo wa hardware amenivuta kando. Alitumia ile sauti yake ya upole, sauti ya kukuuzia simiti iliyoanza kuganda. Ati Jumapili ijayo watu wa mtaa watapiga kura. Kura ya nini? Ya admin wa Sauti ya Kimbo, na yeye anagombea.

Sauti ya Kimbo ni kundi letu la WhatsApp hapa mtaani Kimbo, Ruiru. Nililianzisha mimi. Maji yakikatika, natangaza mimi. Ng'ombe akipotea, mimi. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe nikarudi kukaa nyumbani, hakuna mahali pengine watu huuliza, "Githae anasemaje?" Hapa nyumbani hata rimoti siulizwi. Wakininyang'anya hilo kundi sijui nitakuwa nani. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma.

Kosa langu ni moja tu. Mwezi uliopita nilitangaza chui. Watoto hawakwenda shule, mama mboga hakufungua, pasta alihubiri kwa simu. Chui akawa paka wa Mama Aina, wa rangi ya chungwa na mnene kupita kiasi. Kwenye mvua nani angejua? Kyengo anasema yeye alijua. Eti alienda tu akamuuliza mwenye paka.

Mama Aina ni jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta. Wametoka Malaysia. Ni familia kadhaa, waume zao wanafanya kazi kwenye kiwanda cha glavu kule Thika, wakaja kupanga nyumba huku kwetu. Jina lake hasa ni Salmah, lakini bintiye anaitwa Aina, na Kimbo ukishazaa jina lako tunaliweka kabatini.

Nahitaji habari kubwa kabla ya Jumapili. Kubwa kuliko chui.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeipata.

Jioni nilikuwa nyuma ya nyumba na ndoo, naangalia kama maji ya mfereji yamerudi. Upande wa pili wa ukuta, kule kwenye kona, nikamsikia Mama Aina akisema polepole, kama anabembeleza mtu: "Mari sini. Mari sini." Kimya kidogo. Halafu tena.

Nikaweka ndoo chini. Shosho, nyanya yangu wa Witeithie, Mungu amlaze pema, alikufa bila kutamka "l" hata moja, na "ch" pia hakuiweza. Kwake mali ilikuwa mari na chini ilikuwa sini. "Mari iko sini, mwana wakwa," alikuwa akituambia tukichimba viazi. Basi huyu mama amejifunza Kiswahili kwetu sisi, na matamshi yetu akayachukua yote. Mali chini! Nani mwingine angeelewa? Hiyo ni lugha niliyonyonya.

Na kila mtu anajua hapa palikuwa shamba la makonge la mzungu. Wazee husema aliingia na malori akaondoka na sanduku. Vile vitu vingine vilienda wapi?

Mke wangu Wangeci alikuwa akiniambia kitu kuhusu Jumamosi, kwamba tumealikwa mahali. Sikushika vizuri, sikio lilikuwa ukutani. Nikasema sawa.

Jumanne, 8 Aprili

Mpango: kuingia kama mgeni. Kisingizio: kuazima ngazi.

Amenikaribisha vizuri sana. Mama mpole, kitambaa cha kijani kichwani, anachanganya Kiingereza na Kiswahili. Bahati mbaya amenikalisha kwenye veranda ambapo kona ya ukuta haionekani. Akaleta chai. Akainua jagi dogo, akanitazama usoni, akauliza, "Susu?"

Mimi, mtu mzima, mzee wa kanisa, naulizwa mbele ya paka kama nataka kususu, kukojoa kama mtoto mdogo. Nikamjibu kwa heshima kwamba asante, nilienda kabla sijatoka nyumbani. Akarudisha jagi. Nikanywa strungi, chai ya rangi.

Lakini wakati wa kuaga nilipitia nyuma kama mtu aliyepotea njia, na macho yangu yameona. Udongo uliochimbuliwa pale pale kwenye kona. Jembe dogo. Juu ya udongo, mstari wa majani marefu kama nyasi. Nikauliza hayo ni nini, akasema ni ya kupika. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeamini.

Nyumbani, binti yetu Rachael, anayesoma chuo Juja, amecheka mpaka akakaa sakafuni. Anasema kwao susu ni maziwa. Na kuku ni kucha. Yeye na mamake wanafundishwa na Mama Aina wakikutana kwa mama mboga. "Dad, si ungemuuliza tu anamaanisha nini?" Nikamwambia kuku ni kuku hata ukienda mwezini, na kwamba mwandishi wa habari hamuulizi mwenye siri. Anachunguza.

Ngazi nimeisahau.

Alhamisi, 10 Aprili

Mambo yameharibika. Kyengo ameonekana langoni kwa Mama Aina. Wanacheka. Mkokoteni wake umeshusha turubai, nguzo, na sufuria kubwa za kupikia watu wa harusi. Turubai ni la kufunika shimo mvua isiingie, hiyo iko wazi. Sufuria ni za kubebea, na nimemsikia Kyengo akisema kazi ni Jumamosi. Kwa hivyo na yeye anajua!

Sikukaa. Nimepanda gari hadi Thika, nikatembea mpaka karibu na Kiandutu kumwona Maluki, rafiki yangu tuliyekuwa naye kiwandani. Siku hizi ananunua vyuma kuukuu. Nikamwambia nataka kifaa cha kujua kilicho ndani ya ardhi, asiniulize kwa nini. Ameniuliza kwa nini. Nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, akanipa sumaku ya spika iliyofungwa kamba. Akasema dhahabu haishikwi na sumaku. Nikamwambia sanduku la mzungu lina bawaba.

Hilo hakuwa amelifikiria.

Ijumaa, 11 Aprili

Mchana, Mama Aina akiwa jikoni. Harufu inayotoka huko siwezi kuieleza, nazi na pilipili na kitu kama limau. Nimejikaza. Nikasimama juu ya kreti za soda, nikarusha sumaku ng'ambo, nikaanza kuivuta polepole juu ya udongo.

Ikashika.

Nikavuta, nayo ikavuta. Kitu kizito, na kinapigana. Nikakumbuka hadithi za mali yenye mzimu anayeilinda. Nikaomba kimoyomoyo, nikavuta kwa nguvu zote, na juu ya ukuta kikatokea kichwa cha rangi ya chungwa. Yule paka. Kengele yake ya shingoni ilikuwa imenata kwenye sumaku na kucha zake zote kwenye kamba, na alionekana kufurahia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nikainama. Mama Aina akaita, "Mari sini!" Paka akajinasua na kukimbia kumfuata mara moja.

Hata mnyama ameelewa kuna mali. Sihitaji ushahidi mwingine.

Nimetangaza kwenye Sauti ya Kimbo: "Wapendwa, kesho kwa jirani wa Malaysia kutafukuliwa mali ya siku nyingi. Kaeni chonjo. Habari kamili ni kutoka kwa admin wenu." Wengi wamejibu kwa vikaragosi vya kucheka. Furaha hiyo. Kyengo ameandika, "Githae, umemuuliza mwenyewe?" Wivu.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nikiwa nimevaa saruni, kikoi cha mume wa jirani.

Asubuhi Wangeci na Rachael walitoka wamependeza, vitenge vipya, na hotpoti ya mukimo wa viazi. Wangeci akaniuliza kama naja. Nikasema niko kazini. Akashusha pumzi kama gurudumu lililochomwa msumari, wakaenda.

Saa sita nikasikia sauti za watu. Nikapanda kreti. Mtaa wote ulikuwa ndani! Mama mboga. Mzee wa nyumba kumi. Pasta na mke wake. Familia za Malaysia zile nyingine, watoto wao wamevaa nguo za rangi moja na wazazi. Kyengo amefunga aproni, anapakua. Na langoni alisimama Mama Aina, kila anayeingia anamwambia, "Mari sini, mari," na kila mtu anapewa sahani. Wanagawana, nikasema. Na mke wangu yuko kwenye foleni, amekuja na hotpoti ya kubebea fungu lake.

Niliumia, na si kwa sababu ya mali. Niliumia kwa sababu jambo kubwa kuliko yote ya Kimbo lilikuwa linatokea, kila mtu yuko ndani, na mimi msemaji wao niko juu ya kreti peke yangu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameangalia simu.

Nikajinyoosha nichukue video. Kreti ikainama. Nikaenda nayo, kichwa mbele, juu ya yale majani, kwenye tope, mkono wa simu ukiwa bado juu unarekodi.

Mama Aina akaja mbio, akaninyooshea mkono. "Mari sini, Baba Rachael."

Nikaangalia chini. Nikaanza kupapasa tope. Kyengo akauliza natafuta nini. Nikasema hiyo mali, kwani si ndiyo ameitaja sasa hivi mbele ya mashahidi?

Kyengo ni Mkamba, na Wakamba hutucheka sisi Wakikuyu kwa matamshi, lakini nitasema ukweli, hakucheka wa kwanza. Alichuchumaa karibu yangu. Akasema, "Githae, hiyo si mali. Mari ni njoo. Mari sini, njoo hapa. Mimi nilimuuliza siku ya paka." Kisha akaongeza kwa sauti kwamba ugonjwa wa "r" na "l" umewahi kuwaaibisha watu wengi kutoka hapa hadi Murang'a, lakini huu wa leo ndio wa kwanza kumtoa mtu juu ya ukuta. Hapo ndipo mtaa ulipoangua kicheko. Pasta alijifuta machozi kwa kitambaa cha meza.

Mama Aina ameeleza, Rachael akifasiri. Kwao, Idd ikiisha, watu hufungua nyumba zao mwezi mzima. Jirani, mgeni, wa dini yoyote, anaingia na kula. Mwenye nyumba anasimama langoni anaita watu. Siri yote ilikuwa hiyo. Hayo majani niliyoyalalia ni mchaichai.

Wamenipa maji, wakanipa saruni, wakanipa nyama iliyopikwa na nazi mpaka ikakauka na wali uliofungwa kwenye vifuko vya majani ya mnazi walivyosuka wenyewe. Nimekula kwa aibu. Nimeongeza kwa aibu. Wangeci alikaa kando yangu akinitoa nyasi nyweleni. Mwishoni akasema tu, "Nilikuambia Jumatatu."

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kura imepigwa mbele ya hardware baada ya kanisa. Kyengo amepita. Mikono iliyoinuka kwa ajili yangu ilikuwa miwili, wangu na wa Mama Aina, ambaye nadhani alikuwa anatusalimia. Wangeci alikuwa anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nilikuwa nimeanza kuondoka. Nilikuwa nahesabu nyumba za kupita bila kuangalia mtu machoni. Kyengo akaniita. Akasema mbele ya wote kwamba kundi lisilo na Githae litakuwa la bei ya mabati na maji kukatika, kwa hivyo nibaki mwandishi. Ila kwa sharti. Kabla ya kutangaza neno lolote, nimuulize mwenyewe. Nikaapa na tawi mkononi. Nimerudi nyumbani nikitembea kama kijana, kiatu kikilia.

Nimebadilika kabisa. Sasa mimi ni mtu wa kuuliza.

Jioni, kwenye kreti (nilikuwa nakagua kama mchaichai umepona), nimemwona Mama Aina kwenye veranda na Aina mapajani. Amemshika mkono. Ana kifaa kidogo cha chuma kinachong'aa, chenye makali. Akasema kitu, na ndani yake neno limetoka wazi kabisa: kuku. Mtoto akaficha vidole na kulia. Mama akarudia kwa upole: kuku, kuku.

Maskini mtoto, amemzoea kuku wao, hataki achinjwe. Kisu ni kidogo mno, lakini hawa ni watu wa viwanda, vifaa vyao si kama vyetu. Rachael aliwahi kuniambia kitu kuhusu kuku. Sikumbuki.

Nilifikiria kwenda kuuliza. Kweli nilifikiria. Lakini kuna tope mpaka langoni, na mtu huuliza neno asilolijua. Kuku nalijua tangu utotoni, na halina "r" wala "l" ya kunipoteza. Nimetuma: "Wakimbo, kwa Mama Aina kunachinjwa kuku jioni hii. Nyumba iko wazi kama jana. Njooni na sahani."

Simu inaonyesha Kyengo anaandika. Anaandika bado. Pongezi ndefu hizo. Na barabarani nasikia mama mboga na wenzake wanapita, sahani zinagongana. Navaa viatu niwahi langoni kwake, nimsaidie kuwakaribisha. Neno la kuwaambia ninalo tayari: mari sini.