Nilivyolala Kitandani kwa Shemeji

Leo nimeaibika, jamani. Ningesema "sitaki" tu, yote haya yasingetokea.

Shemeji yangu Shomari, mume wa dada yangu, amelazwa hospitali ya Kilindoni, moyo unamsumbua. Daktari kamkataza kushuka kitandani bila muuguzi. Juu ya kitanda wamefunga kidude kipya. Hakimgusi, hakina hata waya, lakini kinafuata pumzi na mapigo ya moyo. Kitanda kikibaki kitupu, simu za wauguzi zinalia.

Mchana nipo naye, akaninong'oneza:

"Shemeji, chakula kisicho na chumvi kimenichosha. Supu ya pweza iko hapo nje ya geti. Lala hapa kwangu kidogo, kidude kisinisemee."

"Na moyo wako?"

"Moyo ndio unaoitaka! Au unaogopa mashine, mzee mzima?"

Akashuka, nikapanda papo hapo; yeye akatoka kwa kunyata. (Mvi zote hizi, akili sijui zilikwenda wapi.) Nikajifunika shuka gubigubi nisitambuliwe, nikalala chali.

Kumbe moyo wangu haujui kudanganya! Kwa hofu ukaanza kwenda mbio kama injini ya boti. Kidude kikaona. Wauguzi wawili wakaja wanakimbia na mtungi wa oksijeni: "Mzee Shomari! Mzee Shomari!" Mimi nikazidi kujivutia shuka kichwani.

Hapohapo dada yangu akaingia na chakula. Akaona mtu kafunikwa hadi kichwani, wauguzi wamemzunguka. Bakuli likaanguka.

"Innalillahi! Mume wangu!"

Kilio kile kilinichoma. Nikatupa shuka, nikaketi: "Dada, usilie, ni mimi!"

Wodi nzima ikapiga ukelele. Mgonjwa wa kitanda cha jirani, ambaye tangu asubuhi hawezi hata kugeuka, alikuwa wa kwanza kufika mlangoni.

"Kaka! Mume wangu yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kama kaanguka huko nje je? Nikatoka peku hadi getini. Shomari huyo, kwenye benchi, anafuta mdomo.

"Shemeji, mbona umeacha kitanda?" (Ananiuliza mimi!)

Akarudishwa kwa kiti cha magurudumu. Daktari akampima, akasema yuko salama. Alhamdulillahi! Nikakaa sakafuni. Nusura nimfanye dada yangu mjane kwa bakuli la supu, na kosa ni langu.

Msinicheke. Shomari kabaki na kitanda chake. Mimi nimekatazwa kuingia wodini mpaka atakaporuhusiwa, na dada yangu hapokei hata salamu yangu.