Kurasa Tupu za Mkurugenzi

Mkurugenzi alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemfika masikioni, alipoliona tangazo kwenye gazeti la mteja wa jirani. Jina hilo la Mkurugenzi hakupewa na ofisi yoyote. Alilipata kwa jasho lake, kwa kuongoza kampuni tisa ambazo hazikuwahi kuwa na mlango. Taabu ni kwamba mji ulishaanza kuujua uso wake, na tapeli anayejulikana ni sawa na mwizi mwenye kengele shingoni. Alihitaji pigo moja la mwisho, kisha ahamie kwingine akaanze upya.

Tangazo lilisema Mfuko wa Sauti Zilizosahaulika unatoa ruzuku kwa wachapishaji wadogo, wale wanaojitegemea na kuwainua waandishi waliopuuzwa. Mkurugenzi alisoma mpaka hapo akaona panatosha. Tangu azaliwe hakuwahi kumaliza kusoma kitu chochote, na hilo halikuwahi kumnyima usingizi.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Mama Chapa, mjane mwenye mashine ya kuchapia nyuma ya duka la viatu, aliyeishi kwa kadi za harusi na vitabu vya risiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo unauza nini?"

"Siuzi. Mimi sasa ni mchapishaji wa vitabu."

"Tangu lini?"

"Tangu saa nne."

Akamweleza. Alitaka kitabu kimoja, nakala kumi, jalada la kuvutia, na ukurasa wa kwanza wenye maneno. Zilizobaki ziwe tupu.

"Kurasa mia mbili tupu?"

"Watu wa ruzuku hawasomi, mama. Wanakishika kitabu, wanakinusa, wanapiga nacho picha. Cha muhimu mwandishi awe amepuuzwa. Nitafutie mtu aliyepuuzwa sawasawa."

Mama Chapa akaweka chini kadi alizokuwa akizipanga. "Miaka kumi na minne napeleka hadithi zangu kwa wachapishaji wakubwa. Wanazirudisha bila hata kufungua bahasha. Wanasema fundi wa kadi atajua nini. Tumia jina langu, baba. Mimi nimepuuzwa na wataalamu."

Sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli, lakini Mkurugenzi alisikia faida tu. Fomu ya maombi, kurasa kumi na moja, akamwachia aijaze. Yeye aliweka sahihi pale alipoonyeshwa.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kila asubuhi alikuja kukaa kwenye kigoda kulinda pigo lake, na kwa kuwa mdomo uliozoea kazi haujui likizo, alimsimulia mama wa watu ujanja wake wote: alivyomuuzia hakimu kiwanja cha hakimu mwenyewe, alivyochangisha fedha za mazishi yake mwenyewe, na jinsi ya kulia kwa jicho moja huku jingine likiangalia mlango. Mama Chapa alicharaza kibodi bila kuinua kichwa.

"Endelea tu, baba. Kadi za wiki hii ni nyingi."

Hakuna aliyewahi kumsikiliza hivyo, hata mama yake mzazi. Akafunguka mpaka akajishangaa.

Siku ya ukaguzi alikuja bwana mmoja mpole mwenye mkoba, mkaguzi wa Mfuko. Mkurugenzi akampokea kwa mikono miwili.

"Sisi hatuchapi vitabu, ndugu mkaguzi. Tunachapa machozi ya jamii."

Mkaguzi akayaandika hayo kwenye daftari. "Na mwandishi wenu amepuuzwa kwa kiwango gani?"

"Kupindukia. Hata mimi nilikuwa simwoni, na yuko mbele yangu."

Mkaguzi akakichukua kitabu, akakishika, akakinusa. Halafu, kinyume na heshima zote za kazi yake, akakifungua katikati. Mkurugenzi akaanza kuupima mlango kwa macho. Mkaguzi akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Hii ya kulia kwa jicho moja," alisema akijifuta uso. "Tapeli huyu mlimtoa wapi?"

"Ubunifu," alisema Mama Chapa.

Mkurugenzi akachungulia. Ukurasa ulikuwa umejaa maandishi juu mpaka chini, na yalikuwa maneno yake. Angeweza kukinyakua kitabu na kukimbia, lakini hapo ruzuku ingekwenda na maji. "Ubunifu mtupu," alisema.

Ruzuku ikatoka. Siku ya makabidhiano ukumbi ulijaa, na Mkurugenzi akapewa cheti chenye fremu. Hundi alipewa Mama Chapa.

"Ni ukurasa wa tisa wa fomu," mkaguzi aliueleza umati. "Mchapishaji anaweza kumwachia mwandishi ruzuku yote, aitumie kwa mashine yake, na nakala zisambazwe kila mji. Kwa miaka yote hakuna aliyewahi kukubali kipengele hicho isipokuwa bwana huyu. Tumpigie makofi."

Wakapiga. Naye akapiga, angefanyaje.

Nje alimkabili Mama Chapa. "Mama, umeniliza."

"Jicho gani?"

Alihama siku ileile. Dunia ni pana, alijiambia, na wanaosoma ni wachache. Miezi michache baadaye, katika mji wa mbali, aliingia duka la vitambaa, akamkuta mwenye duka peke yake, akainamisha kichwa.

"Dada yangu, nimetoka kwenye shule moja, watoto wanakaa sakafuni, nikashindwa hata kula."

Mwanamke akaegemeza kidevu mkononi, akamsikiliza kwa raha. Mkurugenzi aliposita kuvuta pumzi, yeye akaendelea: "'Na sikuombi kwa ajili yangu, nawaombea wale wasio na dawati.' Halafu unatoa leso."

Leso ilikuwa mkononi tayari.

Mwenye duka akatoa kitabu chini ya meza, jalada limechakaa kwa kupita mikono mingi. "Tunakisoma kwa zamu, mtaa mzima. Mama mkwe wangu yuko mara ya tatu." Akamtazama juu mpaka chini, bila chuki, kama mtu aliyepata mgeni aliyemngoja. "Kaka, usiondoke. Tufanyie ile ya sura ya sita. Ngoja niwaite wenzangu."

Walikuja saba, wakakaa kwenye marobota ya vitambaa, na kila alipokosea neno walimsahihisha.