Malalamiko Dhidi ya Jirani Anayetaka Kubadili Paa Letu

Vibevej, kando ya mji wa Odense

Ndugu Mwenyekiti Bodil,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na nyumba yako kavu. Mimi ni mzima. Hilo la ukavu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kama unavyojua, nyumba yangu na ya Bi Solvej Krabbe ni pacha: ukuta mmoja katikati, paa moja juu, na kanuni ya chama chetu cha wakazi wa mtaa inasema paa hilo halibadilishwi mpaka sote wawili tutie sahihi. Kwa miaka mingi kanuni hiyo imenikinga kuliko paa lenyewe. Sasa Bi Solvej, ambaye alikuwa dereva wa treni na hajazoea kitu kusimama mbele yake kikakataa kupisha, ameamua tubadilishe. Naleta malalamiko yangu kwa utaratibu, maana nilifundisha muziki shuleni na napenda kila sauti iingie kwa zamu yake.

Kwanza. Amelikashifu paa langu hadharani. Baada ya ile dhoruba ya Machi alisimama barabarani akawaambia wapita njia, "Hebu litazameni, limebonyea kama mgongo wa farasi mzee." Paa halijabonyea, Mwenyekiti. Limepumzika. Lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na sote tuliokuwepo miaka hiyo tumebonyea mahali fulani. Sitaji majina.

Pili. Yale majani laini ya kijani yaliyotanda upande wa kaskazini ameyaita ugonjwa. Nilimweleza kwa upole kwamba ni blanketi. Akaegemeza ngazi, akapanda mwenyewe, mama wa miaka sabini na ushei, akang'oa pande zima na kunitupia bustanini nilikokuwa nimekaa na kahawa yangu. "Haya, blanketi lako hilo! Limelowa chapachapa. Baridi ikija maji hayo yanaganda na kupasua vigae. Jifunike nalo basi, tuone!" Kahawa niliimwaga. Ilikuwa na mdudu.

Tatu. Alileta mafundi wawili bila kuniuliza. Wa kwanza alisema viraka vinatosha. Nikampenda papo hapo, nikamkatia keki. Wa pili akasema kutia viraka paa la umri ule ni kumpaka maiti poda. Huyo hakupata keki. Walipoondoka wakiwa wanabishana, Bi Solvej akapanda kwenye dari yangu na bisibisi yake, akaiegemeza kwenye kenchi na kusukuma kwa kidole gumba. Ikazama mpaka mpini. Akanitazama. Nikamwambia haikuwa adabu kuchomachoma mbao za watu. "Asger, usipoziba ufa..." akaanza, nami nikamkatiza kwamba methali hiyo inahusu ukuta, haikutaja paa. Nikaongeza kwamba vigae vyetu ni vya asbesto, na kitu chenye sumu usipokichokoza hakikudhuru; hata nyoka yuko hivyo. Akajibu, "Nyoka hakudondokei kitandani kila mvua ikinyesha." Mtu wa namna hiyo utabishana naye vipi?

Nne. Mvua ikianza tu, anakuja kwangu. Husema amekuja kukagua vyombo. Nina beseni ukumbini, sufuria ya supu kwenye ngazi na ndoo ya zinki kando ya piano, na sina haja ya mkaguzi: beseni linatoa sauti nene, sufuria nyembamba, na mvua ikiwa ya wastani wimbo unaeleweka kabisa. Lakini haondoki mpaka ianuke, na mvua za Odense, unazijua, hazina haraka. Anamaliza mkate wangu mweusi na samaki wangu wa siki. Siku moja nikamuuliza waziwazi kwa nini asikae kwake. Akasema, bila kuniangalia, "Kwangu kunavuja vilevile. Ila nikiwa peke yangu, kila nikisikia mbao zinalia naogopa."

Mwenyekiti, mtu akikuambia hivyo utafanya nini? Nilimwongezea samaki. Kauli yake hiyo naiandika hapa kama hila, na naomba iandikwe hivyo kwenye kumbukumbu.

Tano, na hili ndilo linaloniuma. Paa analolitaka lina dhamana ya miaka hamsini. Mimi nina sabini na minne. Nikamwambia, "Solvej, sinunui paa litakalonizika. Namwekea nani? Binti yangu anaishi ghorofani Aarhus, hata maua hapandi." Nilidhani hapo nimemmaliza. Alizungusha kikombe chake kidogo, kisha akasema, "Na hili linalotuvujia, waliolipandisha wako wapi leo? Wamekwisha kufa wote. Umelala chini ya kazi ya mikono yao maisha yako, wala hujawahi kuuliza walikuwa wanamwekea nani."

Nikaenda kumwaga ndoo ambayo haikuwa imejaa. Naona ni kinyume cha ujirani mwema kumwambia mtu jambo la kweli ndani ya nyumba yake, tena huku umeshika mkate wake.

Kwa hiyo naomba chama kiamue yafuatayo. Bi Solvej akatazwe kusema kweli wakati wa mvua. Ngazi yake iwekwe ofisini kwenu, ifungwe kwa kufuli. Akizidi kung'ang'ania, paa likatwe kwa msumeno katikati, yeye abadilishe nusu yake nami nibaki na yangu iliyopumzika. Na wote waliokwisha kuweka mapaa mapya mtaani wayafunike kwa turubai, kwa kuwa ndiyo yanayofanya langu lionekane zee. Kabla yao lilikuwa la makamo.

Nisalimie mumeo Holger na mgongo wake, mweka hazina, na yule paka anayelala juu ya majarida ya chama. Mwambie mchungaji kwamba Jumapili sikuja kanisani kwa sababu koti langu la heshima lilikuwa linaanikwa.

Ni mimi jirani yenu, niliyelowa lakini sijayumba,

Asger Lindegaard

N.B. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeandika jina langu hapo juu, Bi Solvej akagonga dirisha. "Njoo nje uone vigae nilivyoletewa, dakika moja tu, usiwe mkaidi." Nikatoka na barua hii mkononi, nimsomee palepale ajue anashtakiwa. Nilikuwa nimefika kwenye samaki tuliposikia kishindo. Dari ya chumba changu imeshuka, na kenchi pamoja nayo, juu ya kiti nilichokuwa nimekalia kukuandikia.

Hakusema "nilikuambia." Alinishika mkono tu. Tulisimama hivyo mpaka vumbi likatulia.

Nimetia sahihi. Wanaume wa kuondoa asbesto, waliovaa kama wanakwenda mwezini, wamezingira nyumba kwa utepe, na mimi nalala sebuleni kwa binamu yake Solvej, mtaa wa pili. Solvej mwenyewe yuko chumba cha juu na anakoroma kama behewa. Ameisoma barua hii yote, akasahihisha tahajia, na ameniamuru niitume hivyo hivyo kwa sababu, asema, wanachama hawajacheka tangu uchaguzi mkuu. Basi yafute yote niliyoomba. Badala yake naomba kibali cha vigae vyekundu. Yeye anataka vyeusi, lakini kanuni ni kanuni: sahihi mbili.

Kenchi mpya zikishasimama tutatundika taji la majani juu yake kama ilivyo desturi yetu, na mafundi watakula soseji na kunywa bia. Njoo na Holger. Njooni na miavuli pia, maana siku hiyo hatutakuwa na paa kabisa.